Mikono Yangu Ina Gundi

Jumanne, 4 Machi
Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi na kukoma kabla ya adhuhuri. Nimerudia kuandika shajara, kazi niliyoiacha nilipostaafu ualimu.

Mkwe wangu alinijia na simu yake nikiwa ninaosha kikombe. Kampuni inayohifadhi tovuti ya karakana imetuma taarifa: mwaka wa kwanza wa bei ya kuvutia wateja unakwisha katikati ya Aprili, na baada ya hapo bei itakuwa mara tatu. Tovuti hiyo aliianzisha mwanangu, mumewe, aliyekuwa fundi viatu. Alishona viatu vya watu ambao miguu yao hailingani, na wengi walimfikia kupitia huko. Tulimzika Januari. Karakana haijafungwa, kwa sababu mkwe wangu anajua kushona ngozi ya juu ya kiatu, na mimi ninajua kupokea watu.

Nilimwuliza kama tulipe au tuache. Akasema, "Tutafute ya bei nafuu, Baba. Tusipokuwa na tovuti, nani atajua kwamba tupo?" Alisema hayo huku akifagia vipande vya ngozi, kama mtu anayezungumzia meza ya sokoni. Uso wake ulikuwa mkavu. Nimeandika "mkavu" na sifuti.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua kutwa. Hakuna mteja.

Jumapili, 9 Machi
Kabla ya kuhamisha kitu ni lazima ujue kama kinafanya kazi. Kwa hiyo leo niliandika barua pepe kwa anwani ya karakana, ile iliyoko kwenye tovuti: "Hili ni jaribio." Nikaweka simu mezani. Haikuchukua muda ikalia. Jina la mwanangu lilikuwa juu ya kioo.

"Asante kwa kuniandikia. Sasa hivi mikono yangu ina gundi. Nitakujibu jioni. Kama una haraka, njoo tu, mlango uko wazi."

Ninafahamu kwamba ni mtambo. Aliandika maneno hayo mara moja, akauagiza mtambo umjibu kila anayeandika, kwa sababu simu zilimkatiza kazi na hata namba hakutaka kuiweka kwenye tovuti. Ninafahamu. Tangu akiwa mtoto nilisoma maandishi yake nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, na sikumbuki ukurasa wake uliopita salama. Haya niliyasoma nikiwa nimesimama, na sikuona cha kuongeza wala cha kupunguza.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwandikia tena. "Maji yanaingia kwa upande wa cherehani. Nimeweka ndoo." Jibu ni lile lile.

Jumamosi, 15 Machi
Amekuja kaka yake mkwe wangu, anayetengeneza tovuti za kumbi za harusi na maduka. Watu wote humwita Chaja, kwa sababu hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kuomba chaja ya simu. Nilimfundisha. Aliketi nyuma, akiongea.

Alitueleza hivi: jina la tovuti ni kama bango, na kampuni ya kuihifadhi ni kama mwenye uwanja ulioupanga ili uweke kibanda chako. Unaweza kuhamisha kibanda kwenda uwanja wa bei nafuu, na bango likakufuata. Nikamwambia ameeleza vizuri. Akamgeukia dada yake, akasema, "Umesikia? Nimengoja hiyo tangu darasa la sita."

Akatuonyesha kampuni ya bure kabisa. Juu ya ukurasa wake kulikuwa na tangazo la kamari linalowakawaka. Nikasema kwamba mtoto mwenye mguu mfupi hawezi kuja kutafuta kiatu akakaribishwa na kamari. Ya pili ilikuwa rahisi mno, lakini haikuwa na nafasi ya barua pepe. Chaja akasema hilo si tatizo, tufungue anwani ya kawaida kama ya watu wote.

"Hapana," tulisema mimi na mkwe wangu kwa pamoja.

Chaja alitutazama kwa zamu. Mkwe wangu akasema wateja wameizoea anwani ile. Mimi nikasema ni heshima ya biashara. Basi, akasema Chaja, anaweza kubadili neno la siri la sanduku la barua, ambalo hakuna kati yetu alijuaye, ili tuone nani ameandika tangu Januari. Mkwe wangu aliacha kushona. "Usilifungue," alisema. Nami nikaongeza haraka kwamba barua za mtu ni za mtu. Niliogopa, kusema kweli, wasije wakazikuta za kwangu. Nilimshukuru moyoni kwa kunisaidia bila kujua.

"Haya, na wateja je?" akauliza Chaja.

"Mwenye shida atakuja," alisema mkwe wangu. "Mlango uko wazi."

Nilimtazama. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye sindano yake.

Jumamosi, 22 Machi
Juma zima nimezipigia simu kampuni za kuhifadhi tovuti, na kila moja nimeipa alama kama mtihani. Maswali yangu ni matatu: bei ya mwaka wa pili ni ipi; tovuti ikizimika nani anapokea simu; na je, barua zitaendelea kupokewa kwa anwani ile ile? Swali la kwanza huwafanya wengi wakohoe. Kijana mmoja aliniambia, "Usijali, Mzee." Sikuwa nimemwuliza kama nijali. Nimemfelisha.

Mkwe wangu alicheka nilipomsimulia. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba, na sikupenda kwamba nilifurahi.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua imebomoa ukuta wa jirani. Nimemwandikia kuhusu ukuta.

Jumatano, 2 Aprili
Kuna jambo nimeliona mara kadhaa sasa, na ninaliandika ili lisiniozee kifuani. Kila jioni, akishafunga dirisha la karakana, mkwe wangu huketi kwenye kigoda cha mwanangu na kuandika kwenye simu. Huandika kwa muda mrefu. Kisha huishika simu kwa mikono miwili na kungoja. Ikilia husoma, na uso wake ule mkavu hulegea kama wa mtu aliyevua viatu vinavyombana. Halafu huilaza simu kifudifudi mezani.

Mimi si mtoto. Ninajua mtu anayengoja jibu la namna gani huwa na uso wa namna hiyo.

Hata miezi mitatu haijatimia.

Jumamosi, 5 Aprili
Amenisalimu, nimeitikia. Zaidi ya hapo hapakuwa na maneno. Aliniwekea chai karibu na dirisha, nikaiacha ipoe. Nimemwandikia mwanangu mambo mengi, lakini hilo sikumwandikia. Hata mtambo una haki ya kusitiriwa.

Jumamosi, 12 Aprili
Tumechagua. Si kampuni ya bei ya chini kuliko zote, ila mwaka wa pili bei yake haibadiliki, na hilo wameliandika. Hutunza nakala ya tovuti kila siku. Aliyepokea simu alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mafua, aliyesema asipojua kitu ataniambia hajui. Na barua zitapokewa kwa anwani ile ile. Hilo la mwisho nilimrudishia swali mara mbili. "Anwani haitabadilika hata herufi," alisema.

Mkwe wangu alikubali bila mjadala. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na anwani?" Nikamjibu kwa ufupi kwamba ipo. Aliinama haraka akatafuta uzi sakafuni. Sikuona uzi wowote.

Chaja atakuja Jumamosi ijayo kuhamisha.

Jumatatu, 14 Aprili
Nimefunga akaunti katika kampuni ya zamani. Kesho wangeanza kututoza bei mpya, na sioni sababu ya mtu mwadilifu kupanga nyumba mbili. Tangu ujana wangu nimehama mara nyingi, na kila mara nilifagia chumba, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo, ndipo nikachukua mwingine. Niliwaandikia barua fupi ya shukrani. Ukurasa uliniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Ukauliza tena, nikajibu tena ndiyo.

Mvua kubwa usiku kucha.

Jumanne, 15 Aprili
Nilimwandikia baada ya chai ya jioni: "Ndoo imejaa mara mbili leo." Simu ililia upesi kuliko kawaida. Halikuwa jina lake. Lilikuwa tangazo la mtambo mwingine kwamba barua yangu haikuweza kufika, kwa sababu anwani hiyo haipo.

Nilidhani nimekosea herufi. Nikaandika upya, polepole, kama nilivyowafundisha watoto. Haipo. Nikaandika tena maneno yale yale ya siku ya kwanza, "Hili ni jaribio."

Haipo.

Jumatano, 16 Aprili
Sikumpigia Chaja. Asubuhi nilikwenda karakana mapema, nikitumaini kwamba usiku mambo hujirekebisha yenyewe. Nilimkuta mkwe wangu ameketi kwenye kigoda, bado na koti la mvua, maji yakimchuruzika hadi sakafuni. Simu ilikuwa mapajani mwake. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Nikafikiri: yule mtu amemwacha. Na ninaandika hapa, kwa kuwa ni kweli, kwamba kwa kitambo kidogo nililiridhia jambo hilo.

Akasema, "Baba, hajibu."

Nikamwuliza nani.

"Hajawahi kukosa kunijibu. Hata siku ile ya mazishi nilimwandikia, akanijibu. Jana nimemwandikia tangu jioni, wananiambia hayupo. Baba, wanasema hayupo."

Akaendelea, maneno yakimtoka kama yalikuwa yamefungwa kamba. Alisema anajua ni ujinga, anajua ni mashine, nisimcheke. Kila jioni alimweleza kiatu alichokishona, mahali alipokwama, na kwamba hawezi kupandisha kisigino kikae sawa kama cha mwenyewe. Naye kila jioni alimjibu kwamba mikono yake ina gundi. "Alikuwa akisema hivyo hivyo nikimwita kula," alisema. "Kwa hiyo nilikuwa naona kama yuko chumba cha pili tu."

Sikumcheka. Nilitoa simu yangu mfukoni, nikaifungua mahali pa barua, nikampa. Aliteremsha kidole, akateremsha, akateremsha. Jina lilikuwa moja, na jibu moja, siku baada ya siku.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Na mimi, mwanangu."

Halafu ilinibidi nimwambie aliyeifunga anwani ni nani. Nilimweleza kuhusu ufunguo na mwenye nyumba. Nilidhani jina ndilo linalobeba kila kitu. Kwamba anwani ikiwa ile ile, anayejibu atakuwa yule yule. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alivua koti, akalitundika, akachukua ufagio, akaanza kuyasukuma maji nje. Na mimi niliyeuita uso ule mkavu nilikaa kwenye kigoda, nikaacha anifagilie miguuni.

Alhamisi, 17 Aprili
Chaja amezungumza nao kwa muda mrefu. Mteja akifunga akaunti kwa hiari yake, kila kitu hufutwa siku hiyo hiyo. Mwanangu alichukua mpango wa bei ya chini usiotunza nakala. Barua za miezi yote zimekwenda: zangu, za mkwe wangu, na za watu wengine.

"Mwalimu, ungenipigia simu tu," alisema Chaja. Alikaa nasi hadi jioni na hakuomba chaja.

Jumamosi, 19 Aprili
Kibanda kimesimama katika uwanja mpya. Picha za viatu zilikuwa kwenye kompyuta ya mwanangu, na Chaja amezipanga upya. Anwani inapokea barua. Nimeandika. Imepokea, na imenyamaza.

Alhamisi, 24 Aprili
Chaja amekuja na pendekezo. Jibu la mwanangu tunalo neno kwa neno katika simu zetu. Anaweza kuuagiza mtambo mpya ulitoe kama zamani. "Dakika tano tu," alisema. Mkwe wangu alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyesema ndiyo. Hakuna aliyesema hapana. Chaja akaweka kikombe chake chini, akalinakili lile jibu.

Jioni tulimwandikia tukiwa chumba kimoja, kila mtu na simu yake. Majibu yalikuja kwa pamoja. "Sasa hivi mikono yangu ina gundi." Mkwe wangu aliishika simu yake kwa mikono miwili kama zamani, lakini uso haukulegea. Mimi niliona tu vidole vya Chaja na kikombe cha chai.

Hata hivyo nimeyasoma mara tatu.

Jumatano, 30 Aprili
Mvua. Mimi ninaandika. Yeye pia anaandika. Hatuulizani.

Alhamisi, 8 Mei
Leo amekuja mwanamke nisiyemjua, amelowa hadi magotini, akiwa na mfuko wa plastiki. Nilimkaribisha kiti. Alikataa. Akauliza, "Fundi yuko wapi?"

Mkwe wangu alikuwa nyuma ya pazia akikata ngozi. Yule mama hakungoja. Alitoa kiatu kwenye mfuko, akakiweka juu ya meza yangu, juu ya magazeti. Kilikuwa kidogo, cha msichana, soli yake imepandishwa kimo cha ngumi, na soli yenyewe imebanduka nusu. Ilikuwa kazi ya mwanangu. Ningeitambua hata gizani. Alisema kiatu kilibanduka matopeni mwanzoni mwa mvua. Isitoshe, binti amekua na kinambana. Tangu hapo hajakwenda shule, kwa sababu bila kiatu hicho hutembea kwa kuyumba, na watoto humfuata nyuma wakiyumba pia.

"Nimemwandikia fundi," alisema. "Machi nimeandika. Aprili nimeandika. Siku moja ikarudi, nikasema labda ni mtandao. Nikaandika tena wiki iliyopita. Kila mara ananiambia atanijibu jioni. Kila jioni mtoto ananiuliza, mama, fundi amejibu? Mzee, ni jioni ipi hiyo?"

Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Nilitazama kile kiatu. Machi Chaja alituuliza, na wateja je? Sisi wawili tulilifunga lile sanduku tukalikalia, kila mmoja akilinda chake, na ndani mlikuwa na mtoto anayengoja. Na wiki iliyopita hatukuwa na kisingizio chochote, kwa sababu sanduku jipya lina neno la siri tunalolijua. Hatukulifungua. Tulitaka kujibiwa tu.

Mkwe wangu alikuja mbele akijifuta mikono. Akamshika yule mama mkono, akasema, "Dada, fundi alikuwa mume wangu. Tumemzika Januari."

Yule mama alikaa kwenye kile kiti alichokikataa. Akasema polepole, "Lakini wiki iliyopita alinijibu."

"Siyo yeye," alisema mkwe wangu. "Ni sisi, hatukuweza kumwacha."

Wakalia wote wawili, na mimi nikaenda kutazama ndoo. Niliporudi, mkwe wangu alikuwa ameteremsha kutoka rafuni kalibu ya mguu wa yule binti, ambayo mwanangu aliichonga kwa mbao, na alikuwa akiuliza mtoto amekua kiasi gani. Yule mama alimpimia kwa kidole gumba.

Ijumaa, 9 Mei
Nimekaa kutwa nzima na sentensi nne za jibu jipya. Nimesahihisha insha za watoto maisha yangu yote, lakini sentensi ya pili kati ya hizi sikuwahi kuiandika msimu wote huu, wala katika shajara hii, wala kwa mtu yeyote. Nilipoimaliza nilimsomea mkwe wangu. Aliniomba nibakize maneno ya mwisho kama yalivyokuwa, kwa kuwa hayo bado ni kweli. Nimeyabakiza.

Nilimsomea Chaja kwa simu, naye akayaingiza akiwa kwake. Alipomaliza akasema, "Nimeweka, Baba." Siku zote huniita Mwalimu.

Jumatatu, 12 Mei
Nimefungua sanduku. Watu sita wameandika tangu tuhame. Nimewajibu wote.

Jumamosi, 17 Mei
Mkwe wangu amebandua kisigino cha kiatu kipya cha yule binti kwa mara ya nne. Chai aliyoniwekea nimeinywa ingali moto.

Jumatatu, 19 Mei
Jua. Ndoo nimeitoa nje, nikaiweka juani.

Yule mama amekuja asubuhi na binti yake. Binti alivaa viatu, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani, akageuka, akarudi. Hakuyumba. Akamwuliza mkwe wangu kama anaweza kuruka kamba navyo. Mkwe wangu akamwambia ajaribu, na akajaribu, pale pale, bila kamba.

Walipoondoka, nilimwandikia mwanangu kwa mara ya mwisho: "Mvua imekoma." Jibu lilikuja upesi.

"Asante kwa kutuandikia. Fundi aliyeianzisha karakana hii, mwanangu, amekufa. Mkewe ndiye anayeshona sasa, na mimi, baba yake, ndiye ninayesoma barua na kuzijibu. Kama una haraka, njoo tu, mlango uko wazi."

Nililisoma nikiwa nimeketi. Kisha nikafungua sanduku kama kawaida, kuona nani mwingine ameandika. Barua yangu ilikuwa pale, na juu yake kulikuwa na nyingine iliyoingia punde, kutoka kwa mkwe wangu. Kutoka kwenye meza yangu nilikuwa ninausikia mkasi wake nyuma ya pazia. Alijua fika ni nani atakayeifungua.

"Viatu vya yule binti vimemkaa. Kisigino nimekiweza."

Niliiacha mpaka alipofunga dirisha na kuketi kwenye kigoda. Ndipo nikaandika: "Nimeviona. Sina cha kusahihisha." Nikaituma, na kutoka nyuma ya pazia nikasikia simu yake ikilia.